Filamu ya Kikorea Haitazamwi kwa Macho Peke Yake

Filamu za Korea Kusini zina tabia moja inayojitokeza popote zinapooneshwa, iwe kwenye kibanda umiza cha uswahilini au sebuleni mwa watu. Picha ikiisha, watazamaji wasiojua hata neno moja la Kikorea huondoka wakipiga mluzi. Majina ya wahusika yameshawatoka, jina la mwongozaji hawakulisoma, lakini ule wimbo wa mtoto kwenye handaki bado unawazunguka kichwani. Siku mbili baadaye wanaulizana: ulikuwa wimbo gani ule wa ile muvi ya mazombi kwenye treni?

Wengi huona kwamba hiyo ni bahati tu, na kwamba muziki wa filamu ni pambo linaloweza kuwepo au kukosekana. Huko ni kuidhulumu sinema ya Korea. Katika filamu zake bora, muziki ni msimulizi mwenye kazi yake. Hutamka ambayo mhusika hawezi kuyasema, hutaja zama bila kuandika tarehe, na mara nyingine hutoa hukumu ambayo mwongozaji amekataa kuitoa kwa maneno. Anayezitazama filamu hizi huku sauti imepunguzwa, au imefunikwa na sauti nyingine, amekosa sehemu ya hadithi yenyewe. Kuzithamini ni kujifunza kuzisikiliza, na somo hilo lina faida hata kwa kaya zinazoijua Seoul kwa jina tu.

Filamu iliyopotea, wimbo uliobaki

Uhusiano wa wimbo na sinema nchini Korea ni wa zamani kuliko sauti kwenye filamu. Tarehe 1 Oktoba 1926, katika jumba la sinema la Danseongsa mjini Seoul, ilioneshwa kwa mara ya kwanza filamu iitwayo Arirang. Korea ilikuwa chini ya utawala wa Japani tangu 1910, na kuisema serikali ya kikoloni waziwazi kulikuwa ni kutafuta kifungo. Na Woon-gyu, kijana wa miaka ya ishirini, ndiye aliyekuwa nguzo ya filamu hiyo na ndiye aliyeigiza nafasi kuu. Hadithi ni ya mwanafunzi aliyerukwa na akili baada ya kuteswa na Wajapani. Anarudi kijijini, na siku kibaraka wa mwenye ardhi anapotaka kumbaka dada yake, anamuua. Mwishoni anafungwa kamba na kupelekwa upande wa pili wa kilima, huku wimbo wa Arirang ukimsindikiza.

Filamu hiyo ilikuwa bubu. Kando ya pazia alisimama msimulizi, aitwaye byeonsa, aliyewasemea wahusika na kueleza mambo yanavyokwenda, na muziki ulipigwa palepale ukumbini. Leo nakala zote za filamu hiyo zimepotea. Hakuna mtafiti wala mwongozaji anayeweza kuitazama, lakini wimbo wake unajulikana na kila Mkorea, wa Kusini na wa Kaskazini. Nyimbo za Arirang zilikuwepo vijijini kabla ya hapo, kila mkoa na mahadhi yake, ila ile inayoimbwa zaidi hivi sasa ilienezwa na filamu ya Na Woon-gyu. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza wimbo wa Arirang katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Picha imetoweka, wimbo umebaki na ujumbe wake. Kuna ushahidi gani mkubwa kuliko huo kwamba wimbo unaweza kuibeba hadithi?

Mwimbaji mmoja, ngoma moja

Chimbuko la pili ni pansori, usimulizi wa kuimba uliostawi kusini-magharibi mwa Korea. Mwimbaji mmoja husimama juu ya mkeka akiwa na upepeo mkononi, na mpiga ngoma mmoja huketi kando yake. Kwa sauti iliyokwaruzwa na mazoezi ya miaka, mwimbaji huyo huwa baba, binti, mfalme na mwizi, akiimba hapa na kusema pale. Hadithi nzima yaweza kuchukua hadi saa 8. Mpiga ngoma na wasikilizaji hawakai kimya, bali humtia moyo kwa kumpigia kelele za sifa katikati ya ubeti, jambo ambalo mpenzi wa taarabu hahitaji kufafanuliwa. Kati ya hadithi 12 za asili, zilizosalia hadi leo zikiwa na muziki wake ni 5.

Mwaka 1993 mwongozaji Im Kwon-taek alitoa filamu ya Seopyeonje kuhusu familia ya waimbaji wa pansori wanaotangatanga wakati nyimbo za Magharibi zinawanyang'anya wasikilizaji. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kikorea kupata watazamaji zaidi ya milioni 1 katika jiji la Seoul pekee. Baba katika hadithi hiyo anamnywesha binti yake, Song-hwa, dawa inayompofusha, kwa imani kwamba uchungu ndio utakaoikomaza sauti yake. Ni ukatili usio na utetezi, na filamu haimtetei, lakini mtazamaji analazimishwa kuisikia sauti iliyozaliwa na ukatili huo na kujiuliza kama uzuri wowote unaweza kulipia gharama ya namna hiyo.

Tukio moja katika filamu hiyo linatosha kuwa darasa. Kamera imesimama mahali pamoja, ikitazama njia nyembamba ya mashambani katika kisiwa cha Cheongsando. Kwa mbali wanaonekana watu watatu, baba, binti na mvulana anayelelewa pamoja naye, wakija polepole wakiwa na mizigo yao. Wanaanza kuimba Arirang ya Jindo. Baba anaanzisha, binti anadakia, mvulana anaingiza ngoma. Kadiri wanavyoikaribia kamera, wimbo unachangamka, mabega yanaanza kucheza, na hatimaye wanazunguka wakicheza mbele ya mtazamaji kabla ya kutoka nje ya picha. Zaidi ya dakika 5 zinapita na picha haijakatwa hata mara moja. Hakuna anayesema kwamba watu hawa wana njaa au kwamba wanapendana, wala hapahitajiki maneno. Watu watatu walioingia wakikokota miguu wanatoka wakicheza, na kilichowabadilisha ni wimbo.

Uimbaji huo hauwezi kughushiwa. Oh Jeong-hae, aliyeigiza Song-hwa, alikuwa amefunzwa pansori kabla ya kuwa mwigizaji, na Kim Myung-gon, aliyekuwa baba, naye alikuwa amejifunza sanaa hiyo. Mwaka 2003 UNESCO iliitangaza pansori kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu.

Nyimbo za redio na majeraha ya nchi

Waswahili husema ya kale ni dhahabu. Waongozaji wa Korea wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana silaha yao kubwa mara nyingi ni wimbo wa zamani wa redio. Wimbo kama huo unapopigwa, mtazamaji wa Kikorea wa makamo haambiwi ni mwaka gani, kwa sababu anajua alikuwa wapi aliposikia wimbo huo kwa mara ya kwanza na nchi ilikuwa katika hali gani.

Na hali ilikuwa ngumu. Mwaka 1975, chini ya Rais Park Chung-hee, serikali ilipiga marufuku nyimbo nyingi. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya The March of Fools ya Ha Gil-jong, kuhusu wanafunzi wa chuo wasioona njia mbele yao. Nyimbo zake ziliimbwa na Song Chang-sik. Mmojawapo ulisikika wakati vijana wenye nywele ndefu wakiwakimbia polisi waliotaka kuwakata nywele. Watazamaji walicheka, serikali haikucheka, na wimbo ukapigwa marufuku. Wa pili, unaohusu safari ya kwenda kumwinda nyangumi baharini, nao ukafungiwa. Serikali inayoogopa wimbo wa nyangumi imekiri yenyewe kwamba wimbo una nguvu.

Milango ilifunguka taratibu. Mwaka 1996 ukaguzi wa nyimbo kabla ya kutolewa ulifutwa, na mwaka huohuo Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kuzikagua filamu kabla ya kuoneshwa kunakiuka katiba. Waongozaji waliokuja baada ya hapo waliweza kurudi nyuma na kuzifumua kumbukumbu zilizofungiwa, na walirudi na nyimbo zake.

Katika Joint Security Area, filamu ya Park Chan-wook ya mwaka 2000, askari wa Kusini na wa Kaskazini wanakuwa marafiki kwa siri katika kibanda cha mpakani. Sajini wa Kaskazini, aliyeigizwa na Song Kang-ho, anasikiliza kaseti ya Kim Kwang-seok, mwimbaji wa Kusini aliyefariki mwaka 1996, kisha anauliza kwa nini kijana huyo aliondoka mapema vile, na wote wanamnywea. Hotuba ngapi za umoja zingehitajika kusema yale yaliyosemwa na kaseti hiyo moja?

Mwongozaji Bong Joon-ho naye aliutumia wimbo kama fununu ya mauaji. Memories of Murder ya mwaka 2003 inatokana na mauaji ya wanawake yaliyotokea Hwaseong kuanzia mwaka 1986, ambayo muuaji wake alitambuliwa kwa vinasaba mwaka 2019, miaka 16 baada ya filamu kutoka. Ndani ya filamu, askari wa kike anagundua kwamba kila usiku wa mvua ambao mwanamke ameuawa, redioni kumeombwa wimbo uleule wa huzuni wa Yoo Jae-ha. Kuanzia hapo mtazamaji hawezi tena kuusikia wimbo huo wa mapenzi kwa amani. Haujabadilishwa hata noti moja, lakini umegeuka kitisho.

A Taxi Driver ya Jang Hoon, iliyotoka mwaka 2017 na kutazamwa na watu zaidi ya milioni 12 nchini humo, inarudi kwenye umwagaji damu wa Gwangju wa Mei 1980. Inaanza na dereva wa teksi wa Seoul, Song Kang-ho tena, akiendesha huku akiimba kwa furaha wimbo wa Cho Yong-pil uliokuwa ukivuma wakati huo. Hana habari na siasa, anachotaka ni kodi ya nyumba na viatu vya binti yake. Anampeleka mwandishi wa habari Mjerumani Gwangju, anayaona kwa macho yake yanayofanywa na wanajeshi, kisha anakimbilia mji wa jirani. Viatu ameshanunua na njia ya kurudi kwa mwanawe i wazi. Anaanza kuimba wimbo mwingine wa siku zile, wa daraja la mto Han, akijilazimisha kuwa mchangamfu kama mwanzo. Sauti inakwama, machozi yanamtoka, na gari linageuka kurudi Gwangju. Hakuna aliyemhutubia. Aliposhindwa kuumaliza wimbo, alijua wajibu wake uko wapi.

Hata nyimbo za kigeni zina kazi hiyo. Sunny ya mwaka 2011, kuhusu wanawake wa makamo wanaotafutana baada ya miaka 25, imejengwa juu ya wimbo wa Boney M uleule uliochezwa kwenye kumbi na harusi za Afrika Mashariki. Mwishoni marafiki hao wanaucheza kwenye msiba wa mwenzao, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Mama wa Dar es Salaam aliyekuwa msichana wakati Boney M wakitamba hahitaji mtafsiri wa tukio hilo.

Mnyororo huu ulifika mahali pazuri mwaka 2022, Park Chan-wook alipotoa Decision to Leave na kupata tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes. Filamu hiyo imefumwa kuzunguka wimbo wa ukungu ulioimbwa na Jung Hoon-hee mwaka 1967, nao ulitungwa na Lee Bong-jo na kutumiwa katika filamu nyingine. Mpelelezi na mwanamke anayemshuku wanapendana katika mji wenye ukungu, na hakuna anayemwona mwenzake sawasawa. Mwishoni Jung Hoon-hee anauimba tena akiwa mtu mzima, sauti imeshuka na kupata uzito, na anayeimba naye ni Song Chang-sik, yuleyule aliyefungiwa nyimbo zake mwaka 1975.

Watunzi na vyombo vyao

Baada ya nyimbo za zamani kuna muziki uliotungwa upya kwa ajili ya picha. Oldboy, filamu ya Park Chan-wook ya mwaka 2003 iliyopata tuzo kuu ya pili ya Cannes mwaka uliofuata, ni hadithi ya kisasi chenye damu nyingi. Mtu amefungwa chumbani miaka 15 bila kuambiwa kosa lake. Filamu ya namna hiyo ingetarajiwa kuwa na ngoma nzito na magita ya kelele, lakini timu ya watunzi iliyoongozwa na Jo Yeong-wook iliipa walzi, dansi ya Kizungu ya mapigo matatu. Ile ya msichana Mi-do, iliyotungwa na Shim Hyun-jung, ni laini kiasi cha kumfanya mtazamaji ayumbe nayo. Ukweli wa hadithi unapofunuliwa, ulaini huo ndio unaouma, kwa sababu mtazamaji alikuwa ameshaukaribisha moyoni.

Parasite ya Bong Joon-ho ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka 2019, na Februari 2020 ikachukua tuzo 4 za Oscar, ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutwaa ile ya filamu bora. Mtunzi wake, Jung Jae-il, alizaliwa mwaka 1982 na alikuwa akipiga besi katika bendi tangu ujana. Kuna tukio ambamo familia maskini inamwondoa mtumishi wa nyumba ya tajiri kwa hila: wanapata habari kwamba manyoya ya tunda la fyulisi humdhuru, wanamrushia manyoya hayo, kisha wanaisadikisha familia ya tajiri kuwa mama huyo ana kifua kikuu. Ni dhambi ya maskini kumla maskini. Muziki wake ni wa fidla, umefuata mtindo wa Ulaya wa karne ya 17 na 18, wa kistaarabu na wa majigambo, unapanda ngazi baada ya ngazi pamoja na hila yenyewe. Mtazamaji anajikuta anashangilia, na hapo ndipo alipotegwa. Walaghai wa kipato cha chini wamevalishwa muziki wa wenye nacho, na kwa dakika hizo chache nao wanajiona wamefika.

Mtunzi huyohuyo alitengeneza muziki wa tamthilia ya Squid Game ya mwaka 2021. Wimbo wake unaojulikana zaidi unapigwa kwa filimbi za plastiki za watoto wa shule, kwa mapigo ya makofi ambayo Wakorea huyatumia kushangilia michezo. Filimbi ya mtoto juu ya maiti za watu wazima waliozama kwenye madeni: ujumbe umefika kabla maneno hayajaanza.

Lee Byung-woo, mpiga gita, aliitungia muziki Mother ya mwaka 2009. Filamu inaanza na mwanamke wa makamo, aliyeigizwa na Kim Hye-ja, akiwa peke yake kwenye uwanda wa nyasi kavu, akicheza taratibu kwa gita bila sababu inayojulikana. Inaisha ndani ya basi la watalii, akina mama wakicheza kwenye ujia kati ya viti, naye amejidunga sindano pajani ili asahau alilolitenda kumwokoa mwanawe, kisha akainuka na kujichanganya nao. Dansi ya kwanza ilikuwa swali, na ya mwisho ndiyo jibu.

Na pansori haikufa. Jang Young-gyu, aliyetunga muziki wa Train to Busan ya mwaka 2016, ndiye mmoja wa waanzilishi wa bendi ya Leenalchi, inayochukua hadithi za pansori na kuzipigia besi na dramu. Katika filamu hiyo ya mazombi, mtoto Su-an aliufanyia mazoezi wimbo wa Aloha ʻOe ili baba yake ausikie shuleni. Baba hakufika, na mtoto hakuumaliza. Mwishoni Su-an na mama mjamzito wanapita gizani kwenye handaki, na askari wamewaelekezea bunduki, hawajui kama ni watu au mazombi. Kinachowaokoa ni sauti ya mtoto anayeimba. Zombi haimbi.

Kimya nacho ni muziki

Wapo wanaolalamika kwamba filamu za Kikorea humkamua mtazamaji machozi kwa piano na fidla. Lalamiko hilo lina ukweli. Zipo filamu, na tamthilia zaidi, ambamo kila busu lina wimbo wake na kila kifo kina okestra nzima. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na muziki usiompumzisha msikilizaji humfanya asisikie chochote. Lakini hiyo ni kasoro ya mafundi dhaifu. Haiwezi kuwa sababu ya kuitupa kazi ya mafundi walio bora.

Mafundi hao wanajua pia kunyamaza. Lee Chang-dong, aliyewahi kuwa waziri wa utamaduni, aliitoa Poetry mwaka 2010 bila kuiwekea muziki wa kusindikiza picha. Bibi anayeanza kupoteza kumbukumbu anagundua kwamba mjukuu wake alishiriki kumbaka msichana aliyejiua. Kinachosikika ni mto, ndege, vyombo vya jikoni na mvua juu ya daftari. Kimya kingi kina mshindo mkuu: mtazamaji hana wimbo wa kumwambia alie lini, kwa hiyo anabaki na dhamiri yake.

Sauti ya mtafsiri na sabufa ya sebuleni

Yote hayo yanafikaje kwenye kaya ya Kiswahili? Mara nyingi yanafika kupitia sauti ya mtu. Tanzania ilikuwa na marehemu Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyeanza kutafsiri filamu kwenye mabanda ya video, Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina mavijei wake. Kazi yao ni ileile ya byeonsa wa mwaka 1926: kusimama kati ya picha na watu na kuwasemea waliomo ndani. Bila wao, bibi asiyeweza kuyakimbiza maandishi ya Kiingereza chini ya pazia angebaki nje ya sinema ya dunia. Heshima yao ni ya haki.

Tatizo ni kwamba byeonsa alishirikiana na wanamuziki waliokuwa ukumbini naye. Mtafsiri wa leo, akifungua mdomo, sauti ya filamu inashuka, na muziki unashuka nayo. Dereva wa Gwangju anaimba huku mtafsiri akieleza kwamba dereva anaimba. Walzi ya Mi-do inafunikwa na utani. Mtazamaji anapata habari ya tukio na kukosa tukio. Dawa yake haina gharama: mtafsiri aseme kwa sentensi moja wimbo unahusu nini, kisha auache uimbwe. Wapo wanaofanya hivyo tayari, na mtazamaji anayenunua kazi yao ana haki ya kuwadai wengine wafanye hivyohivyo.

Chombo cha kusikilizia nacho kina neno. Filamu inayosikilizwa kupitia spika ndogo ya simu hupoteza sauti zote nzito, yaani ngoma, besi na ule mngurumo wa chini unaotangulia balaa. Sabufa ya kawaida, ambayo kaya nyingi zimeinunua kwa ajili ya singeli na kwaya, inatosha kabisa kuzirudisha sauti hizo. Hata earphone za bei nafuu zinaishinda spika ya simu.

Liko pia somo la kipato. Wimbo wa mwaka 1967 ulipoingizwa katika filamu ya mwaka 2022, haukuwafurahisha wazee tu, bali uliwapeleka vijana kwa mwimbaji ambaye wazazi wao walimsikia wakiwa wadogo. Afrika Mashariki ina hazina ya namna hiyo. Kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam zimebeba NUTA Jazz, Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab na wengine wengi, na nyimbo hizo zinajua habari za kodi ya nyumba, mshahara, usaliti na msiba kuliko kinanda chochote cha kompyuta. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mtayarishaji wa filamu anayeuomba wimbo kama huo kwa haki, akailipa familia ya mtunzi kupitia taratibu za hakimiliki, amepata muziki ambao watazamaji wake tayari wanaubeba moyoni, na ameiingizia familia hiyo chochote. Je, filamu ngapi za nyumbani zimejaribu?

Pa kuanzia

Kaya inayotaka kuzisikiliza filamu hizi ipange kulingana na waliomo ndani. Oldboy, Mother, Poetry na Memories of Murder ni za watu wazima tu, na Parasite pia ina matukio yasiyofaa watoto. A Taxi Driver inaweza kutazamwa na vijana wa sekondari pamoja na wazazi, na inafungua mazungumzo juu ya historia na uraia. Train to Busan inafaa vijana wasioogopa damu. Sunny ni ya mama na binti yake mkubwa, ingawa lugha yake ina matusi ya mtaani. Seopyeonje inahitaji subira, na anayeipenda ngoma ya kwao ataielewa kabla ya mpenzi wa muvi za ngumi.

Njia ya kutazama ni nyepesi. Mara ya kwanza mtazamaji afuate hadithi. Mara ya pili, achague matukio mawili au matatu tu na kujiuliza: wimbo huu umeanza lini, umekatizwa na nani, na nani ndani ya picha anausikia? Katika Parasite atagundua kwamba fidla zinaanza kabla hila haijafanikiwa. Katika Joint Security Area atagundua kwamba kaseti inasema yale ambayo wanaume hao hawayasemi. Akishazoea kuuliza maswali hayo, ataziuliza pia filamu za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na watayarishaji wake watalazimika kuwa na majibu.